Buriani, Mzee Mikwaruzo

Jumatatu, 3 Juni

Toleo la sita linakuja na kiti changu cha uhariri kinayumba. Mimi niliyeanzisha jarida lenyewe! Jarida pekee humu mjini la roki ya miaka ya sitini, ile waliyoipiga vijana gerejini kwa baba zao, gitaa likikoroma, mwimbaji akipayuka. Nani mwingine angethubutu? Lakini mashine ni ya shemeji, kaka yake mke wangu. Hutuchapia nyuma ya duka lake, kadi za harusi zikipungua. Leo katangaza: mhariri atakuwa yule ambaye wasomaji watampenda zaidi. Ama mimi, ama Mwalimu.

Mwalimu! Mstaafu wa hesabu! Toleo lililopita alijaza kurasa nne juu ya pigo moja la ngoma.

Dawa yake nimeipata. Nitabuni mhakiki. Mzee Mikwaruzo, jina nimelitoa kwenye santuri zangu. Aliyasikia yote enzi zile kwa masikio yake, naye atasema wazi kwamba sikio kama langu halijapata kuzaliwa. Nina akili mimi, basi tu.

Alhamisi, 6 Juni

Shemeji kausoma uhakiki wa Mzee Mikwaruzo, kakunja pua. Kasema mzee huyu kahongwa, maana hata mama yangu mzazi hajawahi kunisifu hivyo. Nikarudi nyumbani, nikamtia mzee ukali kidogo ili aaminike. Akaandika kwamba mhariri wetu huandika kama mtu anayetafuta miwani aliyoivaa. Akaendelea hivyo ukurasa mzima! Maneno yalinitoka yenyewe, sijui yalikuwa yamejificha wapi. Sifa zangu nikazipanga mwishoni.

Shemeji akacheka mpaka akashikilia mashine ya kukatia karatasi. Zile sifa za mwishoni akazifuta. Eti nafasi haitoshi.

Jumatano, 12 Juni

Toleo limenunuliwa lote! Halijapata kutokea. Muuza santuri wa pale kona anasema watu wanaingia dukani na kusomeana ukurasa wa Mzee Mikwaruzo kwa sauti. Kinyozi kaniuliza, wembe u shingoni mwangu, kama miwani nimeshaiona.

Halafu Mwalimu, macho makavu, kasema Mikwaruzo ni rafiki yake wa ujana. Eti walikuwa wakilala chumba kimoja. Mwongo mkubwa! Hana haya! Lakini nikimuumbua yeye, nimejiumbua mwenyewe.

Shemeji kashakata shauri: mhariri ni Mzee Mikwaruzo. Nimlete Jumamosi akabidhiwe kiti. Lahaula!

Ijumaa, 14 Juni

Nimemuua. Sikuwa na njia nyingine. Nimewaambia kaangukiwa na spika akisikiliza santuri, kafa papo hapo. Kifo cha heshima. Shemeji akakaa juu ya bunda la karatasi. Nyumbani mke wangu, ambaye wiki nzima ananisikia nikiyachekea maandishi ya mzee chumbani, kaniuliza safari hii nimefanya nini tena.

Jumapili, 16 Juni

Toleo maalumu la maombolezo. Tanzia kaandika Mwalimu. Anadai mzee hakufa papo hapo hata kidogo: alikata roho mikononi mwake, na kabla ya hapo aliagiza kiti apewe Mwalimu. Maiti wangu mwenyewe! Shemeji kasema wosia wa marehemu hauchezewi. Mwalimu ndiye mhariri. Mimi nibane kurasa kwa pini.

Nikabana. Huku nabana, naisoma ile tanzia, mara machozi haya. Nililia kweli, kamasi na yote. Hakuna aliyewahi kunijua kama mzee yule. Mwalimu kanipigapiga mgongoni, kasema tumempoteza sote.

Jumatatu, 17 Juni

Mke wangu kanikalisha jikoni. Kaniambia nikamweleze kaka yake ukweli leo hii. Kasema ile ya miwani ndiyo kitu pekee kizuri nilichowahi kuandika, na ningetia jina langu chini yake, kiti kingekuwa changu bila kumzika mtu. Nikamjibu kwamba mambo ya uandishi hayajui. Akainuka, akaniachia vyombo vyote.

Nilikuwa kwenye sufuria ya pili wazo liliponijia. Mjane! Mzee Mikwaruzo kaacha mjane! Ataliandikia jarida, atamuumbua Mwalimu na wosia wake wa uongo, atasema mumewe alinivulia kofia mpaka siku anakufa. Tatizo shemeji atakunja pua. Basi mama wa watu aanze kwa kunitukana kidogo, ili aaminike.