Ndoo ya Fundi Chanda

Siku frigo ya Mama Ngalula ilipoungua kule Kampemba, majirani walimpa pole. Chanda peke yake alifurahi, lakini kwa heshima, kofia mkononi.

Huyu Chanda zamani aliitwa Clovis, mpaka serikali ikatunyang'anya majina ya watakatifu na kumwita kila mtu citoyen, yaani raia. Kwa tabia zake, hakupoteza mengi. Alisomea umeme miezi saba. Ilimtosha kujua mambo mawili. Kwanza, umeme wa mji huu unakuja kama wageni wa matanga: leo hakuna hata mmoja, kesho wote pamoja. Pili, hakuna anayeweza kushtaki kwamba ameibiwa shaba bila polisi kumuuliza yeye aliitoa wapi. Shaba yote ilikuwa mali ya taifa, na kila nyumba ilikuwa na kipande cha taifa chini ya kitanda.

Akamweleza Mama Ngalula kwamba dawa ni régulateur, kisanduku cha kutuliza umeme kabla haujaingia kwenye frigo. Ndani mna kibao chenye mistari ya shaba, ndiyo njia ya umeme. Mistari ya Ulaya ni myembamba kama karatasi ya sigara. Umeme wetu unaichoma.

"Miye minatengeneza ya shaba nene, mama. Lete kilo sita."

Wateja kumi na mmoja walikuwa wameshaleta. Kazi ilikuwa hivi: Chanda anachukua kibao chenye ngozi nyembamba ya shaba, anachora mistari kwa rangi ya kucha, anakizamisha katika ndoo ya asidi. Asidi inakula shaba isiyopakwa rangi, mistari inabaki. Kazi safi, hilo tusimnyime. Ila shaba nene ya mteja haikuonja ndoo kamwe. Ilienda chini ya kitanda cha fundi, kwenye mfuko wa unga. Kwa kilo za mama, mfuko ulifika thelathini na nane, na Jumamosi saa sita lori la rafiki yake Mwansa lingeuvusha mpaka wa Kasumbalesa, Chanda juu yake, asirudi.

Alhamisi akampelekea mama kibao chake, chepesi kama hostia.

"Na kilo sita?"

"Asidi ilikula, mama."

Mama Ngalula hakugomba. Aliomba tu apewe hiyo asidi, kwa kuwa imeshiba mali yake. Chanda, mtu wa roho nzuri, akambebea ndoo mwenyewe.

Hakuuliza marehemu mume wa mama alifanya kazi gani. Marehemu alikaa miaka ishirini kwenye matangi ya asidi ya kiwanda cha shaba kule Likasi, ambako hata mpiga fagio anajua kwamba shaba iliyoliwa na asidi haipotei. Tumbukiza chuma kikuukuu, asidi itaitapika yote juu ya chuma.

Jumamosi asubuhi Chanda akaitwa baani kwa bia ya bure. Akakuta wateja wake wote wamekaa kama kwenye misa. Katikati, ndoo. Mama akatoa jembe lililolala humo tangu Alhamisi, akalikwangua: unga mwekundu wa shaba, kijiko kimoja.

"Asidi yako inakula kidogo kupita mugonjwa, citoyen. Ile ingine iko wapi?"

Chanda akamaliza bia, akavaa kofia, akawashauri waende polisi. "Bakiuliza mulitoa wapi ile shaba, museme kweli. Polisi banapenda kweli."

Mama alielewa maana yake, akakubali kabisa: polisi hapana. Nje likalia gurudumu la toroli, na mdogo wake mama akaingia akiburuta mfuko wa unga ambao Chanda aliufahamu vizuri.

"Kama bamekuibia, citoyen," mama akamwambia, "enda weye kwa polisi. Utabaambia ulitoa wapi."

Wakagawana. Kila mmoja alipata pungufu kidogo ya alicholeta, lakini mtu aliyerudishiwa maiti yake ikiwa hai haulizi kidole. Chanda peke yake alikuwa na hesabu kichwani kama katekisimu.

"Mama, ilikuwa kilo makumi tatu na nane. Hapa munagawa makumi tatu. Nane iko wapi?"

Mama Ngalula alikuwa akifuta jembe. Akamsukumia ndoo yake kwa mguu.

"Asidi ilikula, baba."