Mvuvi wa Ng'ambo ya Mkondo

Jumatatu, 4 Agosti

Nimeshasema, na watu wamesikia. Jana, jumba la mikutano la kijiji chetu cha Tabwakea likiwa limejaa, nilisimama nikatangaza kwamba Jumamosi, mjukuu wangu Teretia akitimiza mwaka, nitaleta kolekole mrefu kuliko yeye. Nitamvua mwenyewe. Kwa miguu! Kwa ule ufito mwembamba aliouacha mgeni mmoja, uzi kama wa kushonea, na kijisamaki cha bati. Bila wavu wala mtumbwi.

Kautuna alicheka hadi akakohoa. Huyu ni kaka yake mke wangu, kazi yake kuongoza wageni wanaokuja kuvua, na anajiona kana kwamba yeye ndiye aliyembatiza kila samaki wa kisiwa chetu cha Kiritimati. Akasema mbele za watu: "Shemeji, lete tu samaki wa kopo, tutakusaidia kulifungua."

Nikajibu kwamba nikishindwa, yeye ndiye atakayempakata mtoto kwenye karamu na kusema kwa niaba ya ukoo. Kwa nini nilisema hivyo? Kumpakata ni haki yangu mimi babu. Mdomo huu!

Mpango: kuvua pasipovuliwa. Lile fungu la mchanga nyuma ya mabwawa ya zamani ya chumvi. Hakuna mtu aendaye. Mke wangu Bwena anasema lina mwenyewe, na anayeingia huacha kwanza kipande cha tumbaku juu ya jiwe. Tumbaku ninayo. Lakini naihitaji. Basi nimesokota jani kavu la mkadi, nikalifunga kamba. Limefanana kabisa! Kama kolekole anadanganyika kwa bati, mwenye fungu atadanganyika kwa jani.

Wakati mwingine akili yangu inanishangaza mwenyewe.

Jumanne, 5 Agosti

Nilifika saa tano asubuhi. Nikaweka jani juu ya jiwe, nikajipaka mchanga mashavuni kama desturi, nikaingia.

Maji ya magotini, meupe kama tui. Upepo wa kisiwa hiki haukomi mwaka mzima. Leo ulikoma nilipotia mguu wa pili majini. Hata ndege walinyamaza. Nikaona heri, uso wa maji ukitulia nitawaona samaki vizuri.

Nikamwona mtu.

Alikuwa ng'ambo ya mkondo, kama hatua mia tatu. Nikitembea, anatembea. Nikisimama, anasimama. Nikirusha bati, anarusha. Kautuna! Amekuja kunipeleleza! Nikamtupia matusi mazito, mengine nikiyabuni papo hapo. Alisubiri hadi nikamaliza, kisha akainua mkono akaufuta mdomo, kwa kuwa na mimi nilikuwa nafuta wangu.

Jambo moja. Pale aliposimama ni mkondo wenyewe, kina cha kumeza mnazi. Yeye maji yalimfika magotini.

Labda mchanga umehama.

Kolekole mmoja alilifuata bati langu, akalitazama, akageuka akaenda kwake.

Wakati wa kurudi maji yalikuwa yamekupwa. Nyayo za viatu vyangu vya mpira zilionekana zote mchangani tangu asubuhi. Kando yake, karibu kabisa, kulikuwa na nyayo nyingine za mtu pekupeku, hatua kwa hatua na mimi. Nikaongeza mwendo. Si woga. Njaa.

Jumatano, 6 Agosti

Nilimlalamikia Bwena juu ya kaka yake mpelelezi. Akasema jana Kautuna alishinda kijiji cha Banana akiezeka kanisa, na watu arobaini walimwona juu ya paa. Nikamwambia hao arobaini wote ni jamaa zake. Akasema hata mimi ni jamaa yake. Kisha akaniuliza kama niliacha tumbaku. Nikajibu kwamba niliacha kitu, jambo ambalo si uongo.

Mpango mpya: kujibadilisha. Nilivaa gauni la maua la Bwena, kofia pana na kikapu cha chaza, ufito nikauviringisha ndani ya mkeka. Kautuna ataona mama anayeokota chaza, atakwenda zake.

Nikaingia majini. Upepo ukakoma.

Ng'ambo alikuwepo mama mwenye gauni la maua, kofia pana na kikapu.

Nilicheka mpaka nikakaa majini. Kautuna, mzee wa kanisa, na ndevu zake, ndani ya gauni! Nikasema nitamtangaza karamuni. Yule naye akakaa majini, mabega yakimtikisika. Lakini kicheko nilichokisikia kilikuwa changu peke yangu.

Leo alikuwa karibu zaidi, kama hatua mia moja. Uso sikuuona. Mwanga unapiga palepale penye uso. Ila gauni niliona. Lilikuwa na alama ya kuungua kwa pasi kwenye pindo, upande wa kushoto. Bwena alilishona mwenyewe gauni hili, na alama hiyo niliiweka mimi.

Sijui Kautuna ameipataje.

Samaki: hakuna. Jirani yetu alinikuta njiani nikirudi. Akaniuliza kwa adabu nani ameninunulia kitambaa.

Alhamisi, 7 Agosti

Kautuna alikuja kabla sijala. Nilijiandaa kwa ugomvi. Yeye akaniuliza taratibu kama ni kweli ninaingia lile fungu. Hakuwa na kicheko chake. Akasema wageni wake wakimwomba awapeleke huko huwaambia hakuna samaki, na samaki wapo, tena wakubwa.

Nikasema aha! Ndiyo maana!

Akasema, "Shemeji, sikiliza. Nakuomba twende wote kesho."

Ameniomba! Kwetu ukiombwa unatoa, ukikataa hata mbwa watakucheka. Anajua hivyo, ndiyo maana ametumia neno hilo. Nimekubali. Anataka nusu ya samaki wangu, hilo ni wazi kabisa. Mpango: nitatembea haraka kumzidi.

Ijumaa, 8 Agosti

Tuliingia mimi na Kautuna. Upepo ukakoma, na Kautuna akasimama kama aliyeitwa. Yule wa ng'ambo alikuwepo, hatua hamsini. Nikasema sasa naona si wewe, basi ni nani huyu mwizi wa mafungu ya watu?

Kautuna alimtazama muda mrefu. Akasema kwa sauti ya chini, "Tuko wawili huku. Kule yuko mmoja. Mimi simo."

Nikasema ajabu gani hiyo.

"Tiroba, mtazame anavyotembea. Hilo bega la kushoto linaloshuka. Mguu unaoburuta. Ni wewe yule."

Nilichukia. Bega langu halishuki. Kautuna akanishika mkono, akanisihi twende nyumbani, akasema atanipa samaki wake yeyote, na mtoto nitampakata mimi. Kusema kweli nilikuwa karibu kukubali. Lakini hapo nikaona mgongo! Mweusi, mpana, ukipasua maji kati yangu na yule. Kolekole wa karamu!

Kautuna alirudi nyuma peke yake akiomba kwa sauti. Mimi nikarusha bati.

Akashika! Uzi ukalia. Nilikimbia naye, nikaanguka, nikanywa nusu ya bahari. Nilipoinua macho, ufito wa yule nao ulikuwa umepinda. Uzi wake ulikwenda kwenye maji palepale ulipokwenda wangu. Kila nilipozungusha, naye alizungusha, na kila tulipozungusha tulisogeleana. Mwisho samaki alilala kati yetu, ubavu juu, akitweta. Tungeweza kushikana mikono.

Uso bado sikuuona. Niliona maji yakimtiririka kifuani, hayaishi, ingawa tulisimama kwenye kina cha vifundo.

Akasema, "Nakuomba." Kwa sauti yangu. Hata ule mkwaruzo wangu wa asubuhi.

Kuombwa tena! Kukataa siwezi, kutoa sitaki. Ndipo akili ikanijia. Nikasema: nimekubali, lakini si leo. Kesho ni karamu ya mjukuu wangu. Njoo ule kama watu wengine.

Aliachia uzi. Nikambeba samaki nikakimbia.

Nani mwingine angeweza kujinasua hivyo?

Jumamosi, 9 Agosti

Samaki alikuwa mrefu kuliko Teretia kwa viganja viwili, nilipima. Mpango: nisiingie mapema. Nikajificha nyuma ya duka lililo kando ya jumba, samaki mabegani, nisubiri hadi wote wakae kwenye mikeka, mashada ya maua yavaliwe, Kautuna aanze kujikohoza. Ndipo niingie. Nilisubiri sana. Nilisikia nyimbo. Nilisikia vigelegele. Nikaingia.

Hakuna aliyepiga kelele. Watu walitazama samaki wangu, kisha wakatazama katikati ya jumba. Pale kulikuwa na kolekole mwingine, mkubwa mara mbili, amekwishakatwa.

Binti yangu akacheka, akasema, "Baba, mwingine tena?"

Wakanisimulia nilivyofanya. Nilikuja mapema. Nilimweka samaki chini bila kujisifu. Nilimpakata Teretia, nikasema kwa niaba ya ukoo maneno mafupi na mazuri, hata wakwe walilia. Nilimshukuru Kautuna kwa jina! Kisha nikatoka. Walidhani nimekwenda kubadili nguo, kwa kuwa nilikuwa nimelowa hadi kifuani.

Mikeka ilikuwa na maji mahali nilipokaa. Kautuna alikuwa ameketi kando ya dimbwi lile, rangi imemtoka, hagusi chakula. Nilipompita akavuta miguu yake.

Nikamchukua Teretia. Alinitazama usoni kwa makini, kama mtu anayehesabu. Mwili wake ulikuwa baridi kama aliyetolewa majini sasa hivi. Nikamwambia Bwena. Akasema tangu nilipompakata mara ya kwanza mtoto hapati joto. Akamfunga blanketi mbili. Tukarudi nyumbani. Karibu na alfajiri, Mungu ni mwema, mtoto alipata joto akalia, na Bwena akalia naye. Mimi pia, ila nje ya nyumba.

Jumapili, 10 Agosti

Teretia mzima. Amekula ndizi mbili.

Bwena ameuvunja ufito wangu kwa goti, vipande vitatu. Amenitaka niape kwamba sitakanyaga tena lile fungu. Nikaapa. Lakini kanisani nilisikia watu wakimsifu yule samaki mkubwa, wakinipa mkono, na moyo ukaniuma. Samaki wangu wa kweli hakuna aliyemtaja! Nimeshindwa, tena na mtu asiyejulikana hata anakaa wapi! Haiwezekani. Ni suala la heshima. Kesho naingia tena, naleta mkubwa zaidi, na safari hii nawahi mimi.

Ufito? Rahisi. Kautuna anayo mizuri ya wageni wake. Nitamwomba, naye kukataa hawezi.

Nilikwenda jioni. Alichungulia dirishani, mlango hakufungua. Nikasema shemeji, nakuomba ufito.

Akaniuliza kwa sauti ndogo sana kwa nini namtesa, kwa sababu alikwishanipa ufito wake mzuri kuliko yote leo adhuhuri, niliposimama palepale mlangoni nikichuruzika maji.

Adhuhuri nilikuwa nimelala.

Nilifikiri njia nzima. Kwa kweli si vibaya. Ufito umeshatangulia, mimi nitakwenda mikono mitupu, nitembee wepesi.