Kikombe cha Durban

Alhamisi, 3 Septemba 2015. Louisville.
Nimeacha kazi ya kubeba maboksi! Gatera, msimamizi wetu wa shifti, alisema viatu vyangu vya kazi hatavitupa, nitarudi tu. Wivu. Kiwanda cha Tonawanda, karibu na Buffalo, kimeshanikubali. Kimebaki kipimo cha mkojo, cha dawa za kulevya, Jumanne. Mke wangu Généreuse na watoto wako Buffalo, miezi minane sasa. Alisema niende na kazi mkononi, la sivyo nibaki huku na mdomo wangu. Kipimo? Mimi, sauti ya pili ya kwaya! Hata sigara sijawahi kuvuta.

Jumamosi, 5 Septemba. Columbus.
Nimefikia kwa binamu yangu Cubaka, anayesomea mimea chuo kikuu. Wenzake wazungu wana bangi iitwayo Durban, wakauliza kama mimi Mwafrika naijua. Bangi nimeiona kwenye banda la kuku la bibi tu, dawa ya kikohozi cha kuku. Nikasema babu yangu ndiye aliyeipeleka Durban kwa miguu, kutoka kwetu Uvira, Kivu. Cubaka akanisahihisha mbele za watu! Eti Durban iko Afrika Kusini, pwani kabisa. Mbegu zilifika Marekani miaka ya sabini. Majani membamba, harufu ya anisi, na hailazi mtu, inamwamsha. Profesa! Bon, nikachukua sufuria, nikaichemsha kwa maziwa kama kazi ya ukoo. Na kwetu anayetoa kinywaji huonja kwanza, wageni wajue hakuna sumu. Nikaonja. Kikombe kizima, maana kuonja kidogo ni kuonyesha woga. Cubaka akapiga kelele: kaka, kipimo! Kikombe kimeshashuka. Lakini kweli inaamsha. Nimefagia uwanja wote, na wa jirani.

Jumanne, 8 Septemba. Tonawanda.
Maji lita tano tangu alfajiri. Bure. Nesi akatazama kikombe, kisha mimi. Nikamweleza desturi yetu yote. Akaandika neno moja: bangi.

Jumatano, 9 Septemba. Buffalo.
Généreuse alifungua mlango, mnyororo akauacha umefungwa. Gloire wangu, miaka minne, akauliza kwa Kiingereza kama ni mtu wa pizza. Kiingereza safi. Mama yake, Cubaka ameshamsimulia yote, akaniuliza: wazungu wa Columbus niliwahakikishia hawatakufa, yeye na watoto nani anawahakikishia? Nikapitisha viatu nilivyomletea Gloire kwenye upenyo, kimoja kimoja. Vimeshakuwa vidogo, akasema.

Jumapili, 13 Septemba. Louisville.
Viatu vyangu nimevikuta mezani kwa Gatera, vimepigwa hadi rangi. Mshenzi huyo. Kiwanda kinaruhusu kipimo tena Desemba. Nitapitia Columbus. Wanafunzi wameomba niwaeleze ile bangi ya Malawi, inayofungwa kwenye maganda ya mahindi. Malawi naijua mimi, Cubaka anyamaze. Nitapika mwenyewe. Na nitaonja kwanza: sitaki isemwe mtu wa Kivu anawapa wageni sumu.