Pamba Safi Ndani ya Projekta

Jumatatu, 23 Juni 2025

Siku ya aibu ilikuwa jana, lakini leo ndiyo nimepata nguvu ya kuandika. Katikati ya misa projekta ya kigango ilizimika. Tulikuwa ubeti wa pili wa wimbo wa matoleo. Maneno yakapotea ukutani, waumini wakabaki midomo wazi kama ndama walioachishwa ziwa. Dakika kumi tu imewaka! Na aliyecheka ni nani? Malimi, mwalimu wa kwaya. Alicheka kwa sauti ya tatu, ileile anayowafundisha wenzake.

Nakwambia wewe, daftari, kwa sababu nyumbani hawanielewi. Mimi Januarius Masunga, miaka hamsini na tano, darasa la saba, ndiye mtunza mitambo wa kigango chetu hapa Nkololo. Ufunguo wa stoo ya vifaa uko shingoni mwangu pamoja na skapulari ya Bikira Maria, mwaka wa sita sasa. Malimi anautamani. Akiongea nami hanitazami usoni, anatazama kifua.

Baada ya misa Padre aliniita. Akanikumbusha kwamba Jumapili ijayo ni sherehe ya somo wetu, Petro na Paulo, na siku hiyo tunaonyesha video ya marehemu Katekista Ndalahwa, aliyekianzisha kigango hiki kwa baiskeli na kengele moja. Mgeni fulani alimrekodi mwaka 2004, video imepatikana juzijuzi tu. Mjane wake, mama yetu mayu Ng'washi, hajauona uso wa mumewe tangu tumzike. Hata ile picha ya ukutani ililiwa na mchwa. Padre akasema waziwazi: video ikikwama, ufunguo unakwenda kwa Malimi.

Malimi, ambaye hakuitwa na mtu, akachangia kwamba Bariadi mjini yuko fundi, Violeth, amesomea mambo haya. Nikamjibu kwamba mashine hii haihitaji msichana wa kusomea, inahitaji mtu mzima. Mwaka 1988 nilifanya kazi kwenye gari la sinema ya afya. Miezi minne nabeba nyaya, Mwandoya mpaka Dutwa! Malimi akauliza kama niliwahi kuigusa projekta yenyewe. Swali la kitoto. Anayeshika waya ameshika na kilichoko mwisho wa waya.

Jumanne, 24 Juni

Kuzaliwa kwa Yohane Mbatizaji. Kwa ajili ya mtoto huyu Zakaria alifunguliwa kinywa, nami nimefungua projekta. Nilisali Salamu Maria moja kwa kila skrubu. Ya nne iligoma. Nikaitukana kidogo, nikaomba radhi, ikatoka.

Ndani nimekuta madudu mawili. La kwanza, feni inakwaruza. Kwenye gari la sinema opereta alitia mafuta kwenye magurudumu ya mkanda kila siku kabla ya kazi, niliona kwa macho yangu. Basi nami nikatia. Mafuta ya cherehani sina, lakini jikoni kuna mafuta ya pamba, masafi kabisa, yamekamuliwa hapahapa mkoani kwetu. Vijiko viwili. Feni ikanyamaza kama mtoto aliyeshiba. Opereta yeyote angenipa mkono.

La pili ni aibu ya kiwanda. Pale inapoingilia hewa wameweka kisponji chembamba, kama cha kuoshea vikombe! Kwenye mashine ya heshima! Tena kimejaa vumbi na nyuzinyuzi mpaka kimekuwa blanketi, maana stoo yetu imepakana na ghala la pamba, na msimu huu wa mauzo vumbi lake linafika hadi altareni. Nikakitupa. Nyumbani kwangu kuna pamba safi, siyo pamba fifi ya daraja la pili, pamba ambayo karani wa mzani aliishika akaguna kwa heshima. Nikashindilia konzi nzima kwenye kile kidirisha. Sasa vumbi lipite wapi?

Mke wangu Milembe akauliza: na hewa je, ipite wapi? Nikamweleza kwamba hewa ni nyembamba. Akaondoka mabega yakimtikisika. Mtu kazi yake kufuma vitambaa vya kufunikia redio, leo ananifundisha hewa!

Jumatano, 25 Juni

Jaribio sebuleni. Nimefunga madirisha, nimeelekeza projekta ukutani, nimechomeka flashi ya nyimbo. Ikawaka! Herufi nyeupe kama meno. Nikamwita Milembe aje kunitazama.

Dakika ya tatu nyumba ikaanza kunukia maandazi. Dakika ya nne jirani yetu akapiga hodi na kikombe chake cha chai mkononi, anauliza kama yameshaiva. Dakika ya tano ukuta ukawa wa njano, moshi mwembamba, taa nyekundu ikakonyeza mara tatu, kimya.

Nikasema mashine imekwenda kupumzika. Milembe akaitikia: raha ya milele uipe, ee Bwana. Jirani naye, bila haya: na mwanga wa milele uiangazie. Kuchezea sala ya marehemu! Nikawafukuza wote wawili. Kisha nikakaa chini. Jumapili inakuja. Nikimpelekea Violeth, Malimi ameshinda. Nisipompelekea, Malimi ameshinda.

Nikachukua rozari. Nikiwa tendo la nne la utukufu, wazo likanishukia. Nitaipeleka kwa Violeth kwa jina la Malimi! Fundi hanijui mimi, wala hamjui yeye. Matusi ya hiyo pamba yatamwangukia mwenye jina. Je, ni uongo? Nimelipima vizuri. Sitasema mimi ndiye Malimi. Nitasema tu mashine ni ya Malimi. Na kwa jinsi anavyoitamani, moyoni mwake imeshakuwa yake siku nyingi.

Alhamisi, 26 Juni

Bariadi. Nyumbani nimeaga kwamba nafuata dawa ya kuogeshea ng'ombe. Projekta ndani ya kiroba, kiroba mapajani, bodaboda.

Nilitegemea kukuta kisichana chenye kucha ndefu. Nimekuta mama wa watu, miwani puani, bisibisi sikioni, kibanda chake kimejaa redio zilizopasuliwa matumbo. Akanipa shikamoo, akanikaribisha kigoda. Adabu anayo, sikatai. Akafungua. Akachukua kibano, akaanza kuvuta pamba. Akavuta, akavuta. Akamwita fundi viatu wa jirani aje ashuhudie. Fundi viatu akauliza kama kuna godoro humo ndani.

Violeth akataka kujua mashine ni ya nani. Nikasema ni ya Malimi, mwalimu wa kwaya, kigango fulani kule Nkololo. Akauliza kama huyo bwana ni mzima. Nikasema tunamwombea.

Ewe daftari, sijawahi kupata saa tamu kama ile! Alisema balbu ya mashine hii inachoma kama jiko, na hapa ndipo pua yake. Kile kisponji ni filta, kinatolewa na kukung'utwa kila mwezi, na msimu wa pamba kila wiki. Kuziba hapa ni kumbana mtu pua halafu kumwambia akimbie. Nikasema nimemwambia Malimi mara ngapi! Kisha akaigusa feni, akanusa kidole. Mafuta ya kula, akasema. Ya pamba. Nikashika kichwa kwa mikono miwili. Malimi! Malimi ee! Fundi viatu akasema wapo watu hawafai kupewa hata kijiko. Nikaitikia amina.

Akapuliza kwa blowa, akafuta kwa spiriti, akakata filta mpya. Ila feni imekufa, imeganda kwa mafuta. Nyingine inatoka Mwanza, itafika na basi la Jumamosi. Nirudi kuichukua.

Ijumaa, 27 Juni

Sherehe ya Moyo Mtakatifu. Malimi amenikuta kanisani, kaniuliza mashine inaendeleaje, kaongeza kwamba ameshanunua kamba mpya ya ufunguo. Ya bluu! Nikamwambia atumie kufungia mbuzi.

Baadaye mayu Ng'washi alikuja mpaka nyumbani, na fimbo yake. Tukasalimiana, mwadila, mwadila. Alitaka kujua jambo moja: Jumapili Ndalahwa ataongea, au atatazama tu? Nikasema ataongea. Akauliza kama akijibiwa atasikia. Nikamsogezea kigoda. Akacheka, akasema alikuwa anatania, hata alipokuwa hai hakuwa anasikia.

Ameondoka akisema kanga yake ameshaifua.

Jumamosi, 28 Juni

Balaa. Nimefika Bariadi asubuhi, basi la kwanza halina mzigo, la pili halina. Nimekaa kwenye kigoda cha Violeth mpaka alasiri. Ndipo dereva akapiga simu, gari limeharibikia njiani, mzigo utafika usiku. Violeth akasema nisihangaike. Atafunga feni mwenyewe, na asubuhi ataleta projekta mpaka kanisani.

Nikasema asijisumbue. Akasema si usumbufu, ana shangazi Nkololo. Tena anataka kumwona huyo Malimi kwa macho yake, amfundishe ana kwa ana, maana mtu wa hivyo akiachwa ataua na spika.

Nikasema Malimi ni mgonjwa. Akauliza anaumwa nini. Nikasema anaambukiza. Akasema atasimama mbali.

Nimerudi mikono mitupu. Nimesali novena nzima kwa mkupuo mmoja. Siku tisa sina.

Jumapili, 29 Juni

Naandika kwa ufupi. Hapana, naandika yote, wewe ndiye uliyebaki.

Kanisa limejaa mpaka nje. Madirisha tumeyaziba kwa maturubai ya kuanikia pamba. Mayu Ng'washi benchi la mbele, kanga inang'aa. Misa ikaisha, meza ya projekta tupu. Malimi akakohoa. Padre akanitazama shingoni.

Ndipo Violeth akaingia, vumbi mpaka kwenye nyusi, projekta kifuani kama mtoto wa kubatizwa. Akaiweka mezani, akauliza kwa sauti: Malimi yuko wapi?

Malimi akasimama akitabasamu. Alidhani anapewa zawadi! Akarekebisha tai. Violeth akamfundisha mbele ya waumini wote, dakika tano nzima. Kwamba mashine inapumua. Kwamba pamba ni ya kuuza, si ya kushindilia puani. Kwamba mafuta ya kula mahali pake ni kikaangoni, na baba mzima kama yeye anapaswa kulijua hilo. Kanisa likavunjika mbavu. Malimi alifungua mdomo na kuufunga, hakuna sauti ya tatu wala ya nne. Mimi nilikuwa nyuma ya nguzo, namshukuru Mungu.

Mapema mno. Malimi akaipata pumzi, akauliza nani aliyempelekea mashine hiyo. Violeth akazungusha macho, akanikuta. Baba yule, akasema, yule mwenye ufunguo shingoni. Vichwa mia tatu vikageuka. Nguzo zetu ni nyembamba, kamati ya ujenzi ilikuwa na ubahili.

Padre akasema kwanza tuone video.

Ikawaka. Ukutani akatokea Ndalahwa, mkubwa kuliko mlango, ameshika baiskeli, shati jeupe, kifungo kimoja kinaning'inia. Akaanza kueleza vitongoji alivyovizungukia. Mayu Ng'washi akainuka, akaenda na fimbo yake mpaka mbele kabisa, mwanga ukamjaa mgongoni. Watu wakamwambia aketi, anakinga picha. Akasema mniache, ananitazama. Halafu akamwambia Ndalahwa: kifungo hicho nilikwambia ukilete nikishone. Kanisa likacheka. Ndalahwa akasema mkewe yuko nyumbani anapikia wageni. Mayu akajibu: wageni gani, mbona hukuniambia? Akagusa ukuta, kwenye shati, pale penye kifungo.

Dakika ishirini na mbili. Haikuzimika. Nililia, nakiri. Na nikawaza pia, kama nisingeiua feni ya zamani, hii mpya nani angeileta? Hilo hakuna aliyelisema.

Ufunguo ulichukuliwa sakristia. Ulikuwa umejisokota na skapulari, ukagoma. Malimi mwenyewe alinisaidia kuufungua, polepole, bila kuniumiza shingo, bila neno. Sitamsamehe.

Jumatatu, 30 Juni

Padre aliagiza niende kuungama, nimeenda. Nilianza na wivu wa Malimi. Nikaja kwenye kiburi cha Malimi. Nilikuwa nakaribia tamaa ya Malimi aliponikatiza, akasema nitaje za kwangu. Nikafikiri sana. Nikasema nimekosa kuchagua jina la mtu wa kigango kilekile, ningetafuta la mtu wa Dutwa. Nyuma ya pazia Padre alishusha pumzi ndefu, nadhani ana pumu.

Malipizi: rozari moja, na kumwomba Malimi msamaha kwa maandishi, leo hii, barua isomwe mbele ya kwaya.

Rozari nimemaliza. Barua nimeandika, nzuri, ukurasa mzima, inagusa moyo, mwandiko umetulia. Chini nimeweka jina la Milembe.