Mikonge ya Perpetua

Jumatatu, 1 Machi 1993
Nimefika Rudewa kutoka Mikumi. Mawingu yametanda. Riwaya imekwama sura ya saba. Tangu biashara ziachiwe huru, mchapishaji wangu wa Dar anataka mapenzi na bastola. Mimi naandika mikonge ya utoto wangu. Kiwanda cha katani kimebaki kuta, mashamba yamekuwa pori. Mistari ya mikonge iliyonyooka imebaki kwenye shamba moja tu, la mdogo wangu Perpetua, alilogawiwa na kijiji. Kaniamkia, kanipikia ugali, kasema keshokutwa trekta linakuja kung'oa yote apande mahindi. Mjane, ana watoto. Nikamwomba asubiri nimalize riwaya. Akauliza inaisha lini.

Jumatano, 3 Machi
Nimemwahi dereva wa trekta, Donati, njiani. Nikamwambia shamba lina mgogoro, asiliguse. Huku neno hilo halidaiwi ushahidi. Akageuza, akaenda kumlimia mtu mwingine. Jioni nimeandika vizuri mno. Perpetua alikaa kizingitini, akisikilizia mlio wa trekta.

Ijumaa, 5 Machi
Balaa. Habari imemfikia jirani, Melkizedek, ambaye hajawahi kudai hata unyayo. Kasema kama kuna mgogoro, basi na yeye yumo. Kaenda ofisi ya kijiji. Mwenyekiti amezuia shamba lisilimwe mpaka kesi isikilizwe. Mvua imeanza. Majirani wote wanapanda.

Jumapili, 7 Machi
Donati kamweleza Perpetua ni nani aliyemgeuza njiani. Nilitegemea matusi. Alininawisha mikono kwanza, akaweka ugali, ndipo akasema, “Kaka, mikonge hailiwi.” Basi. Nikamweleza habari za sanaa. Akaondoa sahani. Nilikuwa sijashiba.

Jumanne, 9 Machi
Perpetua amewaacha watoto kwa shemeji yake, amekwenda Ruhembe kutafuta kibarua cha kupalilia miwa. Hakuniaga. Nyumba kimya, inafaa sana kuandikia. Moyo mzito, lakini sura ya saba imekwisha.
Mchana alipita Melkizedek. Uso umemshuka. Anasema yeye alitaka kipande cha pembeni tu. Akipewa hicho, kesi itakwisha wiki hii na Perpetua atawahi kupanda.
Wiki hii! Na sura ya nane sijaigusa.
Nimemkaribisha kiti. Nimemshauri adai shamba lote.