Kijiwe Changu cha Angani

Jumatatu, 3 Machi.
Mkuu wa chumba cha rada anastaafu Ijumaa. Kiti chake ni changu! Mke wangu ameshawatangazia dada zake wote, kwa hiyo kurudi nyuma hakuna. Kikwazo ni Miwani, mwenzangu wa meza ya pili. Wiki nzima amepewa antena, anaipigia sayari ya Zuhura mawimbi yapenye mawingu ya huko, anachora milima. Mkurugenzi anamwita "mwanangu". Mimi ananiita "wewe".

Jumanne, 4 Machi.
Nimepata! Kuna kijiwe cha angani kinapita wiki hii. Kwenye karatasi ya Miwani nimeona umbali wake: kilomita milioni sita. Lakini mawimbi huenda na kurudi, lazima ugawe kwa mbili. Kasahau, maskini. Nikagawa. Milioni tatu! Nikamkimbilia mkurugenzi, nikamwambia jiwe liko mlangoni. Akaweka kikombe chini. Kesho asubuhi antena ni yangu. Miwani amenuna, hasemi na mtu. Raha iliyoje!

Jumatano, 5 Machi.
Antena ikipiga mawimbi haisikii. Hivyo nilipanga: tupige sekunde ishirini, muda wa mawimbi kwenda kilomita milioni tatu na kurudi, nigeuze swichi, mwangwi uingie. Chumba kimejaa watu. Nikapiga. Nikageuza. Kimya. Miwani akaninong'oneza, kwa sauti ya kusikika na wote, kwamba umbali ule alikuwa ameshaugawa, na kwamba mimi ni kichwa maji. Jasho likanishuka hadi kwenye soksi. Nilitakiwa kurudisha swichi nipige tena. Mkono ukagoma. Niliogopa, basi. Niliwaona shemeji zangu wote wakicheka.

Sekunde ya arobaini, mwangwi huo! Mchana picha ikatoka. Si jiwe moja, ni mawili! Dogo linalizunguka kubwa. Mkurugenzi akauliza nani aliamua kusubiri. Nikasema ni mimi. Uongo uko wapi? Mkono ulikuwa wangu.

Ijumaa, 7 Machi.
Nimekalia kiti! Kinazunguka. Miwani alinipa mkono, akaniomba kwa upole siku nyingine nimuulize kabla ya kugawa. Nikamwambia nitalifikiria. Mke wangu alipiga simu, nyuma yake dada zake wakipiga vigelegele. Nilifurahi mpaka machozi yakanilenga.

Adhuhuri alikuja mwandishi wa gazeti, akataka habari za kijiwe kitakachofuata. Nikamwambia hicho kinazungukwa na vidogo vitatu. Ameandika. Tutakipigia mawimbi Jumatatu.