Mpangaji Mpya wa Bendi ya Wardlow

Jumatatu, 6 Juni 1938. Kansas City.
Naona haya. Leo mazoezini Bwana Wardlow, kiongozi wa bendi yetu, aliusifu sana mpango mpya wa vyombo katika wimbo wetu mmoja wa zamani: saksafoni zinauliza, tarumbeta zinajibu. Patamu! Akauliza nani kaupanga. Kaupanga Odessa, mpiga piano wetu, lakini alikuwa kwa daktari wa meno. Nikakohoa. Wardlow akanipiga mgongoni. "Alonzo! Kumbe!" Nilitaka kukanusha. Sikukanusha.

Alhamisi, 9 Juni.
Jina langu gazetini, eti mpangaji mpya wa bendi! Mama kaupeleka ukurasa kanisani, kawasomea kwaya nzima. Odessa naye kausoma. Nikajificha nyuma ya tromboni yangu. Haifichi kitu. "Mpangaji, wewe?" akaniuliza mbele ya wenzetu. "Labda wa chumba." Nikamsihi anivumilie mpaka shindano la bendi la Jumamosi lipite. Akasema sawa, kwa upole ulionitisha.

Jumamosi, 11 Juni.
Mungu wangu! Ukumbi umefurika, Mama mstari wa mbele na kofia yake ya Pasaka. Jaji mkuu wa shindano, Mzee Purnell, akatangaza kwamba safari hii kila mpangaji ataongoza kazi yake mwenyewe. Nikamtazama Odessa. Alikuwa anajua! Nikapanda jukwaani. Nikahesabu mwendo wa kasi mno. Tarumbeta zikajibu kabla hazijaulizwa. Wachezaji dansi wakaganda, mguu mmoja hewani. Odessa akagonga piano, akatikisa kichwa, bendi nzima ikamfuata yeye. Mimi nikabaki napunga mikono kama mtu anayefukuza nyuki. Tukashinda. Purnell akasema tuzo ya mpangaji ni ya yule dada wa piano, "maana huyu kijana wimbo anausikia leo kwa mara ya kwanza." Ukumbi ukaangua kicheko. Mama hakucheka. Alivua kofia, akaiweka mapajani, akawa anaitazama.

Jumapili, 12 Juni.
Nimemwomba Odessa radhi mbele ya Mama na Wardlow. Kwa machozi. Nimeapa sitadai tena kisicho changu. Odessa kanisamehe, hata mbavu za kuchoma kanipakulia. Kisha bwana mmoja wa Chicago, aliyetusikia redioni tu, akanisogelea, akaisifu ile tarumbeta iliyolia peke yake jana. Akauliza kama ni mimi. Ningemvunja moyo vipi, mgeni wa watu? Majaribio ya kuingia bendi yake ni Jumanne. Namtafuta wa kuniazima tarumbeta, na kunionyesha vidole vinakaa wapi.